Fundo la Shemeji

Mtaa mzima ulikunywa maji ya visima alivyochimba mume wa Mama Pacha, isipokuwa Mama Pacha mwenyewe. Yeye alikunywa maji ya bomba la jirani, tena baada ya kupanga foleni, kubeba ndoo kichwani na kusikiliza maneno. Ndoo ililipiwa, maneno yalikuwa nyongeza.

"Karibu, mke wa fundi wa visima," jirani huyo, ambaye watu walimwita Mama Bomba, alimwambia kila asubuhi huku akifungua koki taratibu kama anayemkamua ng'ombe mgonjwa. "Mzee anachimba kwa nani leo?"

"Kwa watu."

"Hayo ni mapenzi. Anawachimbia watu ili wewe uje kunisalimia mimi."

Foleni ilicheka kwa adabu, maana wote walikuwa na ndoo tupu na koki haikuwa yao. Mama Pacha alijitwika ndoo, akaenda zake, shingo imenyooka na macho mbele. Alipofika nyumbani ndipo alipofungua kinywa.

"Baba Pacha, kisima changu kiko wapi?"

"Kipo," alijibu Fundi, akiwa amelala chali kwenye kochi.

"Kipo wapi?"

"Kwenye nia. Nilishakuambia nitakuchimbia. Neno langu huliamini?"

"Mimi naliamini. Ndoo ndiyo haiamini."

Haya yalikuwa mazungumzo ya kisima, lakini katika nyumba ile hakuna mazungumzo yaliyokaa mahali pake. Yote yaliishia mbinguni. Mtaa ulikuwa na makanisa mawili, moja mwanzo wa mteremko na jingine mwisho wake, nayo yaliitwa Kanisa la Juu na Kanisa la Chini. Majina yalitokana na mteremko tu, ingawa waumini wa Juu hawakuwa na haraka ya kulieleza hilo. Kanisa la Juu lilifundisha kwamba mtu akiokoka ameokoka. Yumo mkononi mwa Mungu na hakuna wa kumtoa humo, hata yeye mwenyewe akirusha mateke. Kanisa la Chini lilifundisha kwamba wokovu hushikwa kwa mikono miwili hadi pumzi ya mwisho, na kwamba imani isiyofanya kazi ni mgonjwa asiyeinuka kitandani.

Fundi alikuwa wa Juu. Ujanani alinyoosha mkono kwenye mkutano wa hema, akaombewa, akalia sana, na tangu siku hiyo hakuunyoosha tena kwa jambo lolote la kidini. Jumapili alilala. Akiulizwa, alisema jambo lake lilishamalizwa na waliolimaliza hawakumwachia kiporo. Mama Pacha alikuwa wa Chini. Alifunga, aliimba kwaya, alifagia kanisa, aliosha wagonjwa. Na bado akimjibu Mama Bomba neno moja baya, usiku huo alilala kama mpangaji aliyepewa notisi. Pembeni yake mumewe alikoroma kama mwenye nyumba. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko mafundisho yote ya Kanisa la Juu.

* * *

Aliyemaliza ubishi wa kisima alikuwa kaka yake Mama Pacha, ambaye nyumba nzima ilimwita Shemeji, hata dada yake mwenyewe alipomsema nyuma yake. Shemeji alikuwa shemasi wa Kanisa la Chini na msaidizi wa Fundi kazini. Fundi alishuka shimoni na sururu, Shemeji alibaki juu na kamba. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, na miaka yote hiyo walibishana kupitia mdomo wa shimo, mmoja akipiga kelele kuelekea chini na mwingine akijibu kuelekea juu, na wenye nyumba wakidhani wanapeana maelekezo ya kazi.

"Shemeji," alimwambia Fundi, "dada yangu anachekwa. Wiki hii hatupokei kazi ya mtu. Tunachimba hapa uani."

"Umetumwa?"

"Nimechoka kuona aibu. Unajua wanaimbaje huko kwenye bomba?"

Fundi alikuna tumbo, akafikiri, akaona kwamba akichimba atakuwa amewapokonya wapinzani wake mfano wao mzuri kuliko yote wa imani isiyofanya kazi. Basi akaamka kwenye kochi. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, kwa sababu ambayo makanisa yote mawili yangeikataa.

Fundi alikuwa mvivu wa mengi, si wa kuchimba. Kazini alikuwa na amri mbili asizozivunja. Ya kwanza ilikuwa taa: kabla mtu hajashuka, taa ya mafuta huwashwa na kuteremshwa kwa kamba hadi chini. Ikiendelea kuwaka, mtu anashuka. Ikizimika, chini kuna hewa mbaya, na mtu anabaki juu anakunywa chai. Ya pili ilikuwa fundo: anayeshuka hajifungi mwenyewe. Anafungwa kamba chini ya makwapa na anayebaki juu, kwa sababu anayeshuka ana haraka, na mwenye haraka hujidanganya.

Shemeji alifunga fundo, kisha juu yake fundo la pili, kisha akavuta kwa mguu kama anayefunga mzigo wa lori.

"Unafunga kama vile Mungu amelala," Fundi alimwambia kila siku.

"Ninafunga kama mtu anayekujua. Nyanyua mkono."

Shimo liliingia ardhini siku baada ya siku. Katikati ya kina walikuta jiwe kubwa limechomoza ukutani, gumu kuliko sururu, wakaliacha na kuliita Pua. Kila alipopandishwa, Fundi alilisukuma kwa miguu ili alipite. Huko chini udongo ulikuwa mweusi na wa baridi, lakini ulikuwa mkavu. Mama Bomba aliuliza kila asubuhi kama wameshafika upande wa pili wa dunia.

* * *

Siku yenyewe ilianza na mazishi ya jana yake. Alizikwa fundi cherehani mmoja aliyeokoka zamani, akarudi kwenye chupa, na chupa ikamfikisha mwisho. Mchungaji wa Juu alisimama kaburini akasema kwamba marehemu yuko salama. Mama Pacha alirudi nyumbani na sentensi hiyo kama mwiba wa samaki kooni. Asubuhi, akimimina chai, ulimtoka.

"Yaani mtu anakunywa mpaka anakufa, halafu yuko salama."

"Aliokoka," alisema Fundi.

"Aliacha."

"Yeye aliacha. Mungu hakuacha."

"Na wewe? Hujakanyaga kanisani tangu pacha waende bweni. Ukianguka leo?"

"Nitaangukia mkononi."

"Kwa hiyo hata nikikuzika nisilie."

"Lia kidogo, majirani wasikuseme."

Shemeji alicheka na kupaliwa na chai. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amekaa usiku kucha akimwona mumewe ndani ya jeneza la fundi cherehani, na sasa mtu huyo huyo alikuwa mbele yake anachovya mkate, ana amani, hana habari. Alitaka kumwambia kwamba anamwogopea. Kilichotoka kikawa kingine.

"Nenda basi," alisema. "Nenda ukaone kama utashikwa."

Wanaume wawili walitoka uani na ubishi ukiwa wa moto. Shemeji alikuwa na aya mpya, ameipata alfajiri, na aliitaka ifike kabla haijapoa. Fundi alikuwa na jibu kabla ya kuisikia. Walifika ukingoni wanabishana, Fundi akanyanyua mkono wanabishana, kamba ikapita chini ya makwapa wanabishana kuhusu mwana aliyeondoka nyumbani kwa baba yake, kama huko alikokwenda alibaki mwana au hakubaki. Kapi la kupitishia kamba lililia juu ya magogo, na Fundi akateremka akisema, "Alibaki mwana, alikuwa mwana mchafu tu." Taa ya mafuta ilikuwa juu ya kifusi pale pale ilipowekwa jana. Haikuwa imewashwa. Hakuna aliyeitazama.

Ndoo za kwanza zilipanda na udongo kwa kamba nyingine, na majibu yalipanda nazo. Shemeji aliinama juu ya shimo.

"Basi nieleze hili. Kama hawezi kupotea, kwa nini tunaonywa? Mtu anaweka kibao cha hatari mahali pasipo na hatari?"

Kimya.

Shemeji alisubiri. Aliona ni haki kumpa mtu muda. "Nasema, kibao cha hatari ni cha nini?"

Kimya tena. Tabasamu lilianza kumjaa shemasi usoni. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwacha shemeji yake bila neno, na sasa Mungu alikuwa amempa ushindi huo hadharani, uani kwa dada yake. Furaha kama hiyo si ya kula peke yako. Aligeukia jikoni.

"Dada, njoo. Njoo usikie mumeo alivyokosa jibu."

Mama Pacha alitoka na mwiko mkononi. Alisimama ukingoni, akasikiliza ule ushindi wa kaka yake kwa muda wa pumzi moja. Kisha mwiko ulimtoka mkononi.

"Kaka," alisema polepole, "mume wangu hajawahi kukosa jibu."

* * *

Waliiwasha taa. Shemeji alivunja vijiti kadhaa vya kiberiti kabla kimoja hakijashika. Taa iliteremka ikiwaka, ikaipita Pua, ikawa nyota ndogo, kisha ikazimika bila kupepesuka.

Shemeji alikwisha kutupa mguu ukingoni. Dada yake alimkamata kwenye shati.

"Ukishuka nitawazika wawili. Vuta."

Walivuta. Mtu aliye hai husaidia kupandishwa bila kujijua, lakini huyu alikuwa mzito kama mfuko wa saruji. Walimnyanyua kidogo, kamba ikawarudisha. Hapo Mama Pacha aliinua uso akaita, na sauti ile ya kwaya, ambayo kwa miaka ilikuwa ikilalamikiwa kwamba inazidi nyingine, ilipanda mteremko na kushuka mteremko.

Kanisa la Juu lilikuwa na kikao cha akina mama. Kanisa la Chini lilikuwa na mazoezi ya vijana. Walimiminika uani kutoka pande zote mbili, na wachungaji wao wakiwa mbele: wa Juu mwenye tumbo la heshima, wa Chini mwembamba kwa kufunga. Mama Bomba alikuja na kanga moja, koki ikimwaga maji nyuma yake. Watu waliikamata kamba. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabatizwa wapi.

Mchungaji wa Juu alifumba macho na kuinua mikono yote miwili. "Baba, wewe ndiwe unayeshika…"

"Mchungaji," alisema Mama Pacha, "omba ukiwa umeshika."

Alifumbua macho, akashusha mikono, akaishika kamba nyuma ya mwenzake wa Chini, akaendelea na sala yake pale alipoiachia.

Kamba ilikuja. Ilikuja dhiraa kwa dhiraa, ikilia kwenye kapi, kisha ikagoma. Walivuta, haikusogea. Shemeji alilala kifudifudi akachungulia gizani, akauona mgongo wa shati umekwama chini ya jiwe.

"Ni Pua," alisema. "Kila siku anaisukuma kwa miguu. Leo hana wa kumsukumia."

"Tuvute kwa nguvu," alisema kijana mmoja.

"Mtamkata."

"Tufanyeje sasa?"

Shemeji alijua la kufanya, na kwa sababu alilijua hakutaka kulisema. "Tulegeze. Kamba ilegee ghafla, aanguke kidogo, ageuke, halafu tuvute akiwa upande wa pili."

"Tukilegeza anakwenda," alisema mchungaji wa Chini, na vidole vyake vyembamba vikazidi kukaza.

Mama Pacha alimtazama kaka yake. "Fundo lako litashika?"

Shemeji alifungua kinywa. Alitafuta asubuhi ile kichwani mwake: chai, mwana aliyeondoka nyumbani, mwana mchafu, kibao cha hatari. Taa hakuwa ameiona. Na fundo? Aliukumbuka mkono wa Fundi ukinyanyuka. Hakuikumbuka mikono yake mwenyewe.

"Dada," alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, "sikumbuki kama nilifunga mara mbili. Sikumbuki kufunga hata kidogo."

Kuku alipita katikati ya watu kama anayepita nyumba tupu. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akikaza, akiogopa kwamba akilegeza kidole kimoja kila kitu kitakwenda, aliishika kamba ile na kuitazama inavyoingia gizani, kwenye fundo asiloliona, lililofungwa na mtu asiyekumbuka, juu ya mtu asiyejua. Alimwona fundi cherehani. Alisikia maneno yake mwenyewe ya asubuhi.

"Legezeni," alisema.

Walilegeza. Kamba ilikimbia, ikashtuka, ikakaza. Ilitetemeka kama kitu chenye uhai. Na ilikuwa bado nzito.

"Vuta."

* * *

Alitoka shimoni kichwa kimelala begani, midomo ya rangi ya majivu. Kilichowanyamazisha watu hakikuwa uso. Ilikuwa mikono. Ilining'inia pande mbili za mwili, viganja wazi, vidole vimelegea kama vya mtoto aliyebebwa usingizini. Haikuwa imeshika chochote. Mtu yule alikuwa amepandishwa kina chote kile bila kushika kamba hata mara moja.

Mchungaji wa Juu aliona, na ungedhani angesema neno, maana lilikuwa hubiri lake lote limening'inia mbele yake. Kisha akaona viganja vyake mwenyewe vimechunika, na vya Mama Pacha vinavuja damu, na vya mwenzake wa Chini vilevile. Alifunga kinywa. Mchungaji wa Chini naye alikuwa na hubiri lake, akalitazama likimkwama kwenye vile vidole vilivyolegea. Watumishi wawili wa Mungu walisimama bega kwa bega bila neno, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona wala haujaliona tena.

Walimlaza kwenye hewa safi, wakamlegeza shati, Mama Pacha akampulizia kinywani kama alivyofundishwa na wauguzi wa wagonjwa wake. Mama Bomba alikimbia akarudi na ndoo imejaa, akammwagia, akakimbia tena. Ndoo hizo hazikuwa na foleni wala maneno. Kifua kilikaa kimya, kikakaa kimya, kisha kikaruka. Fundi alikohoa, akatapika, akavuta hewa kwa sauti mbaya kuliko zote, na watu wazima wakaketi chini palepale walipokuwa.

Shemeji alikuwa amepiga magoti akijaribu kufungua fundo. Halikufunguka. Lilikuwa fundo, na juu yake fundo la pili, limekazwa kwa mguu, kama kila siku. Aliinamisha kichwa juu ya kifua cha shemeji yake akalia.

"Sikumbuki," alikuwa akisema. "Wallahi, sikumbuki," na hakuna shemasi mwenzake aliyemkemea kwa kuapa.

Mama Pacha alishika miguu ya mumewe kuipasha joto. Ilikuwa na matope hadi juu ya vifundo. Aliyasugua kwa kidole gumba, yakamtiririka kwenye kiganja kilichochunika, yakamuuma. Hayakuwa matope ya ndoo ya Mama Bomba. Yalikuwa meusi na ya baridi. Alikaa nayo mkononi, akageuka akatazama shimo lililokuwa kavu hadi jana.

* * *

Jioni, Fundi akiwa kwenye kochi lake na blanketi hadi kidevuni, wachungaji wote wawili walikuja kumjulia hali, kwa bahati mbaya wakati mmoja. Kila mmoja aliuliza kwa upole kama angependa kutoa ushuhuda Jumapili.

"Ukiwa kule chini," alisema wa Juu, "ulijisikia umeshikwa, sivyo?"

"Sikujisikia kitu."

"Bila shaka uliliita jina la Bwana," alisema wa Chini.

"Hata langu sikulikumbuka. Nilikuwa natafuta jibu la kibao cha hatari, kichwa kikawa chepesi, nikakuta nimelala uani na Mama Bomba ananimwagia maji ya bure. Hapo ndipo nilipojua nimekufa."

Wachungaji walikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri. Waliaga pamoja, wakatembea pamoja hadi getini, na mmoja alisikika akimuuliza mwenzake kama viganja vyake bado vinauma.

Walipobaki wawili, Mama Pacha aliketi kwenye mkono wa kochi. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji.

"Nilikuambia maneno mabaya asubuhi."

"Uliniambia nikaone kama nitashikwa." Fundi aliishika mikono ya mkewe, akaigeuza, akazitazama bandeji muda mrefu bila utani wowote. "Nimeona."

Usiku huo Fundi hakulala. Alikaa macho akitazama dari, akishangaa. Pembeni yake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, mkewe alikuwa akikoroma.

* * *

Fundi aliporudi kumalizia kisima, taa ilishuka na kupanda ikiwaka. Shemeji alikuja na kamba, lakini Mama Pacha aliichukua. Alifunga fundo, na juu yake fundo la pili, akaweka mguu akavuta.

"Unafunga kama vile Mungu amelala," alisema Fundi kwa sauti ndogo.

"Nyamaza. Hapana, usinyamaze. Huko chini usinyamaze hata kidogo, unanisikia? Nikikuuliza, unijibu."

"Nikikosa jibu?"

"Buni. Una kipaji."

Kapi lililia. Alishuka, akaisukuma Pua kwa miguu, akawa kivuli, akawa sauti ya maji yanayokanyagwa. Mama Pacha aliizungusha kamba kiunoni mwake, akakaza kwa mikono yote miwili, akainama juu ya giza.

"Baba Pacha. Aliyeokoka anaweza kupotea?"

Palikuwa na kimya kidogo, kile cha sauti inayosafiri. Kisha kutoka chini kabisa, yenye mwangwi na unyevu, ikapanda:

"Hawezi."

Machozi yalimdondoka Mama Pacha, yakaanguka kisimani.

"Anaweza," alijibu, akakaza kamba. "Endelea kubisha."